Kila Mtu na Mtetemo Wake

Jumamosi, 4 Mei

Leo naanza, na naapa nitaandika yote. Si mazuri peke yake. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema shajara ya mtu anayejipamba ni kama picha ya kitambulisho: shingo imenyooshwa, na mwenyewe hafanani na alivyo. Basi sitanyoosha shingo. Hasa kwa haya ya leo.

Fundi amekuja na mkanda.

Nianze vizuri. Dada yangu haoni wala hasikii. Masikio yaliondoka na homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la tatu, mimi sijazaliwa. Macho yakafuata baadaye, polepole, kama taa inayoishiwa mafuta. Anaongea kama watu wote — kwa sauti ya juu kidogo, kwa kuwa hajisikii — lakini ukitaka kumjibu lazima umshike mkono. Unaandika kwa kidole kwenye kiganja chake, herufi kubwa, moja baada ya nyingine, palepale. Ukikosea unapangusa kiganja na kuanza upya. Mama huandika polepole na huchoka. Majirani hawajaribu. Mimi naandika haraka kuliko wengine wanavyoongea. Tangu nijue herufi nimekuwa nikimwandikia: nani kaingia, mawingu yakoje, Mama kanuna, simu inasema nini. Ananiita Kalamu. Mtu mwenye neno na Dada anapitia kwangu.

Yaani alikuwa anapitia kwangu.

Mkanda ni mweusi, mpana kuliko wa saa. Upande wa ndani una vinundu sita, vimepangwa kama nukta nundu za wasioona ambazo Dada alisomea shuleni — safu mbili, tatu tatu. Ujumbe ukiingia kwenye simu, vinundu vinatetema kwenye ngozi. Herufi moja, nyingine, nyingine. Na simu yenyewe sasa inamjibu vidoleni kila anapoigusa: hapa pana kitufe, hapa patupu, hapa umekosea. Akitaka kuandika, anagonga nukta zilezile juu ya kioo.

Fundi ni msichana mwenye miwani inayomteleza kila saa. Ametumwa na karakana inayotengeneza vitu hivi. Wanatafuta watu wa kuvijaribu. Alikaa kwenye kiti changu, kile cha mkono wa kulia wa Dada. Hakuuliza. Akaandika kwenye simu yake, "Habari za asubuhi."

Dada akatulia, mkono umebaki hewani. Kisha akasema, kwa sauti ya kufika barabarani:

"Nzuri. Wewe nani?"

Mama aliacha cherehani akalia. Mimi nami nilifurahi, naandika kweli. Ila niliona kitu. Dada alikuwa amemjibu mtu ambaye hakumshika mkono.

Jumapili, 5 Mei

Fundi amerudi kumalizia. Leo ilikuwa zamu ya majina.

Kabla ya maneno, mkanda unatoa mtetemo wa kumtambulisha anayeandika, ili Dada ajue ni nani. Fundi anasema mwenye mkono ndiye achague. Unagonga mdundo juu ya kioo, simu inaukariri, basi.

Dada alianza na wa Mama. "Mama ni cherehani," akasema Dada. Kweli, yeye hujua Mama anafanya nini kwa kuweka mkono juu ya meza ya kushonea tu. Akagonga: taratibu, taratibu, mbio, halafu kimya cha ghafla, kama uzi umekatika. Mama akaomba mkanda autie mkononi mwake, akausikiliza mdundo, akasema, "Sasa mimi hukata uzi kiasi hicho?"

Wa Fundi: mguso mmoja mfupi, kituo, mwingine mfupi zaidi. "Ndivyo unavyogusa watu," Dada akamwambia. "Kama mtu anayeomba njia." Fundi akacheka huku anasukuma miwani.

Nikasogeza kiti. Nikajitengeneza hata nywele, sijui za nini. Dada akafikiri, kidole juu ya kioo. Akagonga kitu. Akakifuta. Akagonga. Akafuta.

"Chai iko wapi?" akasema.

Nikamwandikia: NA MIMI?

"Subiri kwanza, Kalamu."

Nimesubiri. Chai imenywewa, vikombe vimeoshwa, Fundi ameondoka.

Jumatano, 8 Mei

Chiriku. Sina budi kumwandika.

Ni jirani yangu wa dawati na jirani yetu wa nyuma ya ukuta. Tulimpa jina hilo kwa sababu hafungi mdomo hata akiwa amebeba kalamu kwa meno. Miaka yote amekuwa akiingia kwetu na kumsalimia Dada kwa kumpungia mkono. Kumpungia mkono! Mtu asiyeona. Kushika kiganja hakutaka, eti anaona haya, eti herufi zake mbaya.

Juzi aliomba namba ya Dada. Leo darasani ananisimulia habari za nyumbani kwetu.

"Dada yako kichwa kilimuuma jana."

Sikujua.

"Na amesema ulilala umevimba kama andazi."

Hilo nilijua, lakini halikuwa la kusambazwa.

Nimerudi, nimemkuta Dada peke yake chumbani anacheka. Amekaa kitandani, mkono wa mkanda ameukumbatia kifuani, anacheka hadi mabega yanaruka. Hakuna mtu chumbani. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Kwa kawaida huhisi hatua zangu sakafuni. Leo hakuhisi.

Nikamshika mkono. UNACHEKA NINI?

"Mambo ya Chiriku."

MAMBO GANI?

"Ukiyaeleza yanapoa." Halafu, kama vile ananipa zawadi: "Wa kwake niliupata hapohapo. Chap-chap-chap-chap. Mbuzi anakimbia juu ya bati."

Hapohapo!

Nimemaliza hesabu zote za kesho. Nimekosea tatu.

Ijumaa, 10 Mei

Fupi leo.

Ninayo simu ya zamani ya Mama, ile yenye ufa. Nilimwandikia Dada nikiwa jikoni: "Nimerudi, nakuletea maji?" Nikamsikia chumbani anasema kwa sauti kubwa: "Nani tena? Kama ni vifurushi sitaki."

Namba zisizo na mtetemo maalumu zinaingia zote kwa mtetemo mmoja mrefu, mkavu. Benki. Wanaokosea namba. Matangazo ya vifurushi. Mimi.

Maji nilimpelekea. Nikamwekea mezani bila kumgusa. Alikunywa, akasema asante kuelekea dirishani.

Jumatatu, 13 Mei

Fundi amekuja na habari, kakimbia toka kituoni, miwani imefika ncha ya pua. Jumatatu ijayo watakuja wageni: mkuu wa karakana na wenzake. Wanataka kumwona Dada akisoma kwa mkanda. Wakiridhika watamchukua miezi mitatu, huko mji wa mbali iliko karakana, awafundishe wengine wasioona na wasiosikia. Atakaa bwenini. Atakuwa mwalimu.

Mama aliniambia nimwandikie, kwa mazoea. Lakini Fundi alikuwa ameshaituma. Nilikuwa nimenyoosha kidole tayari, nikajikuna nacho shavu.

Dada hakucheka wala hakulia. Alisema, "Mimi?" Kisha, polepole, kama mtu anayeonja: "Mwalimu." Kisha akamwagiza Mama amshonee gauni lenye mifuko miwili mikubwa, mmoja wa simu, mwingine wa chaji, kwa sababu mwalimu hashiki vitu mkononi kama muuza karanga.

Mama akauliza swali la Mama: "Sasa huko nani atamwandikia kiganjani?"

"Ndiyo kazi ya mkanda, Mama," akasema Fundi. "Hatahitaji."

Hakukusudia ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua imekatika. Hatahitaji.

Nimebakiwa na kazi moja. Kifungo cha mkanda ni kidogo na kigumu, kwa mkono mmoja Dada hakiwezi. Kila asubuhi namfunga mimi. Fundi amenionyesha: nikae ubavuni mwa Dada, tutazame upande mmoja, si uso kwa uso. Namfunga vizuri. Naipenda kazi hii na naichukia.

Alhamisi, 16 Mei

Chiriku kaniuliza wakati wa mapumziko, "Kwani mtetemo wako wewe ukoje?"

Nikasema ni wa siri.

Huo ni uongo, nauandika kwa kuwa niliapa.

"Siri gani kati ya ndugu?" akasema. "Nitamuuliza mwenyewe."

Nilikosa raha somo zima la jiografia. Jioni nilimchunguza Dada uso. Hakuonyesha kitu. Aliniomba nimkate kucha, nikamkata. Kucha zake nazijua kuliko zangu.

Jumamosi, 18 Mei

Leo nina mengi na sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Dada aliamka mikono haitulii, anataka mkanda kabla ya kunawa uso. Nikamfunga tumekaa uso kwa uso, kama tunavyokaa tukiandikiana. Maagizo ya Fundi niliyasahau — kweli niliyasahau, hapo sina kosa. Miaka yote nimekaa mbele ya Dada nikiandika herufi kichwa chini kwangu ili zimfikie yeye zikiwa sawa. Mikono yangu imezoea kugeuza. Ikageuza na mkanda.

Chiriku akaandika. Hata bila kuambiwa ningejua ni yeye, Dada alianza kutabasamu. Tabasamu likafia njiani.

"Takataka," akasema.

Mama akaandika akiwa chumba cha pili. "Takataka tupu. Cherehani naijua, maneno siyajui."

Mama akampigia Fundi. Fundi akasema zimeni, washeni. Tukazima, tukawasha. Takataka ileile. Nikamsikia Fundi kwenye simu: yuko safarini hadi kesho jioni, hawezi kufika, na keshokutwa ndiyo wageni. Labda awaambie wasije kwanza. Labda watafute mtu mwingine wa kuanza naye, maana ratiba yao imebana. Atawajibu kesho.

Ni wakati huo nilipoona. Kifungo kina maandishi madogo ya kiwandani. Siku zote yanamtazama Dada. Leo yalinitazama mimi. Mkanda ulikuwa umevaliwa kichwa chini, kama saa iliyogeuzwa: vinundu vya juu viko chini, vya kulia viko kushoto. Herufi *a* ni nukta moja, juu kushoto. Ilikuwa inamgonga chini kulia, na huko, peke yake, si herufi yoyote.

Kuugeuza ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Sikuugeuza.

Nisiseme nilipitiwa. Nilisimama pale, mkono wangu umbali wa shubiri moja, nikijua. Dada akaomba avuliwe mkanda, nikamvua. Akanyoosha kiganja kitupu.

"Haya, Kalamu. Kazini."

Ah, siku gani hii! Nilimwandikia kila kitu. Jirani wa mbele kanunua kofia inayomfanya aonekane uyoga. Mama kashona kola upande, anajifanya ndio mtindo. Mawingu yamekaa kama nguo zisizokunjwa. Dada alicheka, vicheko vyangu hivyo, mimi ndiye niliyevitoa. Nilikaa kwenye kiti changu.

Mchana Chiriku akaja mwenyewe, anahema. "Mbona hajibu?"

"Mkanda umeharibika," nikasema, na uso wangu ukatulia kabisa.

Akamshika Dada mkono. Mara ya kwanza. Akaanza kuandika.

"Nani huyu anayeparua?" Dada akasema. "Kuku?"

Nilifurahi hadi nikaona aibu, na aibu haikuipunguza furaha. Lakini Chiriku hakununa. Alitoa ulimi nje, akapangusa kiganja, akaanza tena, herufi kwa herufi: P. O. L. E. Dada akafunga vidole juu ya kidole chake, akasema, "Asante, kuku."

Hapo ndipo mchana wangu ulipoharibika.

Jioni Mama alimalizia gauni lenye mifuko. Alisema atalimaliza tu, hata wasipokuja watu. Dada aliweka mkono juu ya meza akisikiliza cherehani. Uso wake ulikuwa hauna kitu, kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Sijawahi kumwona hivyo. Nilitaka kusema. Nikaenda kuosha vyombo.

Jumapili, 19 Mei

Nimesema. Au tuseme, nimesemwa.

Mama alitoka kumpima mteja. Nikakaa ubavuni mwa Dada, nikachukua mkanda, nikamfunga inavyotakiwa. Sikuandika neno. Akapeleka mkono mwingine, akakigusa kifungo.

"Umeugeuza," akasema.

NDIYO.

"Jana nilijua kabla chai haijapoa."

Alisema kwa sauti ya chini, ile anayoitumia akiguswa mguu na Mama kanisani. "Kila siku kifungo kinakaa upande wa kidole cha mwisho. Jana kilikaa upande wa gumba. Unadhani mkono wangu ni wa kuazima?"

Nikaandika: KWA NINI HUKUSEMA?

"Nilitaka nione utakaa nalo mpaka lini." Akafikiri. "Halafu nilichoka. Huyo Chiriku anaandika hata akipiga chafya."

Nilicheka. Kisha nikalia, na kabla sijageuza uso, chozi likaanguka kiganjani mwake.

"Hiyo sijaielewa," akasema Dada. "Andika vizuri."

Nikaandika NISAMEHE. Nikapangusa, lilionekana dogo. Nikaandika kile hasa: WATU WOTE WANA MTETEMO. MIMI SINA.

Vidole vyake vilijikunja kidogo.

"Huna," akasema. "Kweli."

Nilingoja aendelee. Mlango ukafunguka, Mama akaingia na futi yake shingoni, na Dada akamgeuzia uso — upepo wa mlango huwa anausikia — akasema kwa sauti yake ya barabarani: "Mama, mkanda umepona! Mpigie Fundi!"

Mama akapiga. Nilisikia Fundi anauliza ulikuwa na nini. "Sijui mwanangu," akasema Mama. "Vitu vya umeme vina hasira zao."

Jumatatu, 20 Mei

Niliomba ruhusa shuleni. Wageni wamekuja.

Mkuu wa karakana ni mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Alikuja na mama mmoja mwenye kalamu na kijana wa kupiga picha. Nilimfunga Dada mkanda mbele yao. Nimekaa ubavuni. Nilikagua kifungo hadi Fundi akanitazama.

Mkuu akatoka nje kabisa, akasimama ng'ambo ya barabara, akaandika. Dada ndani akasoma kwa sauti: "Anauliza kama kiti ni kigumu." Akajibu hewani, "Kigumu, tumekizoea." Watu wakacheka. Wakamwandikia majina marefu, namba, tusi dogo la mzaha. Alisoma yote. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Kisha mama mwenye kalamu akaandika swali. Dada alilisoma taratibu: "Tumesikia juzi mkanda ulikataa kazi. Ulikuwa na nini?"

Nilitazama sakafu. Ina ufa unaofanana na mto.

"Ulivaliwa kichwa chini," akasema Dada. "Mimi nilijua kwa kifungo, kwa kuwa ninaye mtu anayenifunga vilevile kila siku. Asiye na mtu atajuaje? Wekeni alama ya kugusa upande mmoja. Kubwa. Kidole kikipita kijue huku ndiko juu."

Yule mama mgeni aliandika, kisha akaacha, akamtazama Fundi. Fundi alikuwa ameinamisha uso kwa aibu. "Hatukuliwaza," akasema. "Sisi tunayaona maandishi."

Mkuu akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Huyu tulimhitaji tangu mwaka juzi."

Ataondoka Jumapili.

Hakuna aliyeuliza nani alifunga. Nimekuwa nikiyatafuna maneno hayo tangu mchana: ninaye mtu anayenifunga vilevile kila siku. Ni sifa? Ni sifa na ni kosa, vyote kwenye sentensi moja, na wageni wameiandika bila kujua.

Jumamosi, 25 Mei

Fundi kaja kusaidia kufungasha. Tulikuwa barazani tunakunja nyaya. Nikamuuliza kama mtu asiyejali: "Hivi, simu ya Dada ina nafasi ngapi za mitetemo? Isije ikajaa."

Fundi si mjinga. Akasukuma miwani. "Unauliza wako."

Nikaendelea kukunja waya.

"Kila nikija anaujaribu," akasema. "Anagonga, anausikiliza, anafuta. Mmoja alisema mrefu mno. Mmoja alisema unafanana na mtu wa maji anapogonga geti. Mmoja ulikuwa mzuri kabisa, mimi niliupenda, akaufuta kabla sijamaliza kumsifia."

"Wa Chiriku ulipatikana hapohapo."

"Chiriku ni rahisi."

Ningefurahi. Badala yake nimeona wivu wa aina mpya, ambao sikujua kama upo: wivu wa kuwa rahisi.

"Sasa unaonaje, ataupata?" nikauliza.

"Mimi ni fundi wa nyaya, mdogo wangu. Muulize mwenye mkono."

Dada alikuwa ndani, anapanga soksi kwa kuzinusa. Nilikwenda hadi mlangoni. Nikarudi.

Jumapili, 26 Mei

Gari la karakana limekuja asubuhi. Nimemfunga mkanda kwa mara ya mwisho kabla ya miezi mitatu. Huko bwenini yuko mlezi atakayemfunga. Nilimwonyesha kwenye video, mara mbili, hadi akasema ameelewa.

Chiriku alikuja kuaga. Akamshika Dada mkono na kuandika, chap, chap, bila kutoa ulimi. Kumbe wiki nzima amekuwa akijifunza juu ya paja lake chini ya dawati, nami nilikaa pembeni yake nikidhani anajikuna.

"Umeendelea, kuku," akasema Dada. Wote wakacheka. Chiriku akanitazama kama anayeniomba nimpongeze. Nikasema, "Herufi *K* yako imelala." Kisha nikaona uso wake, nikaongeza, "Lakini inasomeka." Ndiyo kusema kwangu samahani. Sijui kama alielewa.

Zamu yangu. Dada akanyoosha kiganja. Na mimi, niliyemwandikia mawingu na kofia, nikaushika tu mkono. Yeye akauacha ushikwe, hakuuliza nimesahau kusoma na kuandika.

Alikaa kiti cha nyuma, dirisha limefunguliwa. Dereva anawasha. Nikamwona anatoa simu kwenye mfuko wa gauni, anainama. Kidole chake kikagonga kioo. Kikasimama. Kikagonga tena, polepole, midomo inatembea kama anayehesabu. Kisha akaweka mkono wa mkanda shavuni na kusikiliza.

Kufuta ni kuburuza vidole viwili kwenda kushoto. Namjua akifuta. Gari likaingia barabarani na lori likapita katikati.

Sikuona.

Jumanne, 28 Mei

Nyumba imekuwa kubwa. Mama anashona, na kila akikata uzi anatazama ile pembe ya meza ambako Dada huweka mkono. Nimekaa kwenye kiti changu. Kiti ni kiti tu.

Dada amemwandikia Mama habari ndefu: amefika, kitanda kizuri, mwanafunzi wake wa kwanza ni bibi mmoja anayebishia kila herufi na kudai nukta nundu za zamani zilikuwa na adabu. Chiriku amepata habari ndefu pia. Alinisomea darasani, na mwisho akasita, akaniuliza kama naumia akinisomea. Nikasema ndiyo. Akasema basi hatanisomea tena. Kisha tukagawana karanga zake, yeye akanipa nyingi. Nashindwa kumchukia siku nzima.

Mimi nimepata neno moja. "Umekula?"

Nimelisoma njia ya kwenda na ya kurudi. Ni neno la Mama kwa mtoto. Ni neno la mtu asiye na muda. Ni neno la mtu anayeangalia kama namba inafanya kazi. Nimelipa maana zote na hakuna iliyonitosha.

Jioni nikachukua simu yangu yenye ufa. Niliandika habari za jirani na kofia, nikafuta. Niliandika "Ni mimi, Kalamu," nikatazama hayo maneno kwa muda, nikayafuta pia. Kama mtetemo wangu upo, sina haja ya kujitaja. Kama haupo, nimeingia kwake mkavu, pamoja na benki na vifurushi, na kujitaja hakutanisaidia kitu.

Mama ananiita nikashike pindo la pazia. Nimemwambia naja. Nimeshatuma. Chini ya maneno yangu kumetokea alama ya kuonyesha yamemfikia, yaani sasa hivi, mahali nisipopajua, mkono wake umeguswa. Nilichomwandikia ni hiki tu:

Dada, mimi nikikuandikia, mkono wako unasikia nini kabla ya neno la kwanza? Usinijibu kesho. Nijibu sasa hivi.